Masika Niliyopanda Mlima na Binti Yangu

Jumanne, 24 Machi

Presha imepanda tena. Nesi wa kliniki ameniambia niwe naandika kila siku nimekula nini, nimelalaje na najisikiaje, halafu nimpelekee mwisho wa mwezi. Haya. Nimekula ugali na mchicha. Sikulala vizuri. Najisikia nimechoka.

Akasema pia niwe natembea. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, natembea kutwa nzima kati ya madawati. Akasema hiyo haihesabiki.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Ugali na dagaa. Nimechoka.

Alhamisi, 26 Machi

Maji yameingia sebuleni. Hapa kwetu Yombo masika yakianza hatuulizani kama maji yataingia, tunaulizana yamefika wapi. Mimi na Gladness tumeinua kochi juu ya matofali kama kila mwaka, tukakunja zulia, tukahamishia picha ya marehemu baba yake, Leodegar, juu zaidi ukutani. Tulivyomaliza tukakaa kitandani kwangu na kunywa chai, miguu juu.

Nesi hataki kujua haya, lakini nikishaanza kuandika siwezi kuishia kwenye mchicha.

Gladness ni mwanangu wa pekee, ana miaka ishirini na minane. Amesomea uhasibu. Alipata kazi nzuri ofisi ya bima, akakaa miaka miwili, akaacha. Akaenda Moshi kujifunza kuongoza wapanda milima, akarudi na mabuti makubwa na rangi nyeusi kama mkaa, akaanzisha kundi la kuwafundisha wanawake kupanda milima. Si wanawake wa michezo. Ni wanawake ambao hawajapanda hata kichuguu. Jumamosi anawapeleka kwenye vilima vya Pugu. Majirani wakiniuliza binti yako anafanya kazi wapi, nasema anajitegemea, halafu nahamisha mazungumzo.

Kaka yangu Albano amemtafutia nafasi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Wanataka jibu kabla ya Mei kwisha. Nimemwambia Gladness mara nyingi. Kila nikimwambia anasema, "Nimekusikia, mama," na hilo si jibu.

Leo nilimweleza maneno ya nesi. Akasema, "Basi Jumamosi twende wote."

Nimekubali. Naenda mara moja, nikaone hiyo inayoitwa kazi.

Jumamosi, 28 Machi

Nimerudi, mgongo unawaka moto.

Hatukupanda chochote. Nilidhani tutapanda. Tulikaa chini ya kibanda pale Pugu asubuhi yote, wanawake kama kumi hivi, tukafundishwa kufunga kamba za viatu! Nina miaka hamsini na sita na nimefundishwa kufunga viatu na mtoto niliyemfundisha mimi. Wakati wa kupanda unalegeza juu kidogo ili kifundo kipate kukunjika. Wakati wa kushuka unakaza, vidole visigonge mbele. Kisha jinsi ya kupanga begi: vizito karibu na mgongo, nguo kavu ndani ya mfuko wa nailoni, hata kama jua linawaka. Kila mtu avae filimbi shingoni, isikae ndani ya begi. Kila mtu aache kwao maneno anakwenda wapi, na nani, na anatarajia kurudi saa ngapi.

Halafu yale ya kike. Nilitaka kuziba masikio. Ukitaka kujisaidia porini usiende peke yako, nenda na mwenzako, mmoja ashike khanga, mwingine afanye haja yake. Ukiwa kwenye siku zako sema, si aibu, na ulichotumia unarudi nacho nyumbani. Gladness aliyasema yote kwa sauti ileile ya kamba za viatu. Wanawake waliuliza maswali mpaka mimi nikawa natazama miti.

Nimepangiwa mwenza, anaitwa Chausiku. Anauza chakula Buguruni, mnene, Mzaramo wa hapahapa, hajui kunong'ona. Alinitazama juu mpaka chini akasema, "Mama Glady, mie na wewe tukianguka, watatuokota na greda." Nilicheka bila kutaka. Yupo pia Munira, binti mdogo wa duka la dawa, ameolewa mwaka jana. Alikuja na baibui refu, akaogopa ataambiwa avue. Gladness alimwonesha tu jinsi ya kulikusanya juu ya suruali na kulibana kwa pini pembeni. Yule mtoto alitembea kama aliyefunguliwa kamba.

Jumapili, 29 Machi

Misa. Kulala.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua siku ya tatu. Nusu ya darasa hawakuja, waliokuja wamelowa. Nimesahihisha madaftari yenye matope.

Jumamosi, 11 Aprili

Nilisema naenda mara moja. Leo nimekwenda tena. Chausiku alinipigia simu jana akaniuliza, "Au unaniacha na nani?"

Leo tulipanda kweli. Na hili nitaliandika kwa sababu limenichoma. Gladness alitupanga mstari, akaniweka mimi mbele kabisa. Nikafikiri ni heshima. Kumbe aliwaeleza wote, mbele yangu: "Anayetangulia ni yule mzito kuliko wote. Wengine wote mnafuata mwendo wake. Ukiona huwezi kuongea huku unatembea, unakwenda mbio."

Mzito kuliko wote. Nilitembea na shingo imekakamaa. Nyuma yangu Chausiku alikuwa anasimulia mkasa wa mteja wake mwanzo mpaka mwisho, hakutweta.

Tulipokaribia mahali pa juu, ambapo wanasema unaiona Dar es Salaam yote, ngurumo ikapiga upande wa Kisarawe. Moja tu, ya mbali. Gladness akasimama. "Tunarudi."

Wanawake waliguna. Palikuwa si mbali kabisa. Yeye alishageuka.

Jumanne, 14 Aprili

Ugali, maharage. Presha bado juu, ila nesi anasema afadhali kidogo.

Jumamosi, 18 Aprili

Pugu tena. Kijito ambacho wiki iliyopita tulikiruka leo kilikuwa kimejaa, rangi ya chai ya maziwa. Gladness alichukua fimbo akapima, akatazama upande maji yanakotoka, akasema tunarudi. Munira alisema angeweza kuvuka. Gladness akamjibu, "Najua unaweza kwenda. Nataka kujua utarudi vipi kikiongezeka." Mvua haikunyesha kabisa mpaka tunafika barabarani. Jua lilitoka likatucheka.

Kwenye kituo nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu dada mwoga." Nilijifanya natafuta kitu kwenye begi. Aibu niliyoisikia ni ya mama. Ukiacha kazi ya watu ya maana kwa ajili ya milima, basi angalau ufike juu.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 25 Aprili

Tumefika juu. Ukungu. Hatukuona Dar es Salaam wala chochote. Chausiku aliinua mikono kwenye ule weupe akapiga kelele, "Buguruni, oyeee!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Siku nyingi sijacheka hivyo, na nilipocheka nilisikia jinsi nilivyo mchovu, kama mtu anavyosikia njaa akishaonja.

Kushuka, Gladness alinishika kiwiko kwenye utelezi. Nikautoa mkono. Sijui kwa nini niliutoa.

Jumatano, 6 Mei

Albano kapiga simu. Bosi wa ile ofisi anauliza. Nilimwambia Gladness wakati anaanika soksi zake juu ya jiko la mkaa, maana jua hakuna. Nikamwambia, mwanangu, hawa wanawake wakichoka watakuacha, wakubwa wa ofisi hawachoki. Akageuza soksi upande wa pili. "Nimekusikia, mama."

Jumamosi, 9 Mei

Hatukwenda, barabara ya Pugu imefurika. Gladness amewaita nyumbani kwetu. Wamekaa juu ya kochi lililo juu ya matofali wakijifunza kufunga kifundo cha mguu, kutengeneza machela kwa miti miwili na khanga, kumfunika mtu aliyepata baridi. Mimi nilikuwa mgonjwa wa mfano. Waliniviringisha kwenye turubai kama chapati, Chausiku akaniuliza kama nina usia wowote.

Jumamosi ijayo wanakwenda Morogoro, Uluguru. Treni ya asubuhi, kulala huko, kurudi Jumapili. Gladness alitaka wangoje Juni, mvua zikatike. Wote walisema wameshaomba ruhusa makwao. Akakubali kwa sharti kwamba hali ya hewa ndiyo itakayosema mwisho wa safari uko wapi. Nami naenda. Nesi amesema nisiache dawa na nisijikaze.

Ijumaa, 15 Mei

Nimefunga begi. Vizito karibu na mgongo.

Jumatatu, 18 Mei. Morogoro, hospitali

Naandika vipande vipande. Niko salama. Naanza na hilo.

Jumamosi tulishuka treni Morogoro, tukakutana na mwenyeji wetu, Shomari, mkulima wa huko mlimani anayeongoza wageni. Tulianza kupanda asubuhi hiyohiyo. Sikuwa nimekula. Kwenye treni tumbo lilikataa, nikasema nitakula mbele, na mbele sikula. Mpaka Morning Side, pale penye nyumba ya zamani ya Wajerumani, nilikwenda vizuri. Hewa baridi, migomba, maharage yamepandwa kwenye mteremko ambao mbuzi angeogopa. Nilikumbuka kwetu Rombo, nilikozaliwa. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli.

Baada ya pale njia inaingia msituni na inasimama wima. Miguu ikawa ya mtu mwingine. Nikaacha kuongea. Chausiku nyuma yangu akauliza, "Mama Glady, mbona kimya?" Nikasema nasali.

Wingu likashuka. Gladness alitusimamisha, akaja akanitazama usoni, akanishika vidole. Kisha akawageukia wote. "Tunaishia hapa. Tunarudi."

Waliguna kuliko siku zote. Chausiku akasema, "Jamani, Glady, na kilele kile pale!" Munira akasema wametoka mbali. Mtu mwingine akasema kwa chini, safari hii tena. Nikawaona wanavyomtazama mwanangu, na ile aibu ya kituoni ikanipanda.

Nikasema kwa sauti ya darasani, wote wakasikia: "Gladness, usiwarudishe watu wazima kama watoto wa chekechea. Kama unarudi kwa ajili yangu, mimi ni mama yako na nakwambia naweza. Tunaendelea."

Akasema taratibu, "Mama, midomo yako imebadilika rangi."

"Nimesema tunaendelea."

Alitazama chini. Nimemlea mtoto huyu. Najua akitazama chini vile amekwisha kushindwa. Akasema, "Haya. Mpaka pale kwenye jiwe kubwa, basi." Wanawake wakashangilia. Mimi nikatangulia, nimeshinda.

Kwenye jiwe hatukufika. Mvua ilikuja yote kwa mara moja. Njia ikawa sabuni. Nakumbuka nilitazama juu na miti ikaanza kuzunguka polepole, na nikawaza tu, nikae kidogo. Nikakaa mahali ambapo hapakuwa na pa kukaa. Nilitelezea bondeni kwa mgongo, majani yananipiga usoni, mpaka mguu ukanasa kwenye mzizi, mwili ukaendelea na mguu ukabaki. Nilisikia kifundo kikisema ka!

Juu walipiga mayowe. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuijua. "Kila mtu asimame alipo! Hakuna anayeshuka! Munira, filimbi." Ilikuwa sauti ya Gladness. Hakukimbia. Nilimwona anashuka kinyumenyume, anashika shina hili, anajaribu mguu, anashika shina lile, na mimi nalia kimoyomoyo kwa nini hafanyi haraka. Sasa naelewa. Angefanya haraka tungekuwa wawili kule chini.

"Mama Eufrazia, unanisikia? Usigeuze shingo. Niambie uko wapi."

"Morogoro," nikasema. Aliniita jina langu kama anavyowaita wengine wote. Alinipapasa kichwa, shingo, mbavu, mguu, kwa mpangilio, na macho yake yalikuwa makavu. Nilitaka kumwambia samahani, meno yakagongana.

Walinipandisha kwa kamba na mikono. Turubai lilikuwa limeshafungwa kati ya miti miwili. Wanawake wakanizunguka na khanga zao, Shomari akageuka akatazama msitu, wakanivua nguo zote zilizolowa. Mimi, mwalimu, mama mtu mzima, uchi msituni mbele ya wanawake ambao nusu yao ningeweza kuwazaa. Hakuna aliyecheka. Waliniingiza kwenye nguo kavu za begi langu, soksi za Munira mikononi, na Chausiku akanikumbatia kifuani kwake chini ya blanketi akanishikilia kama anavyoshikiliwa mtoto mchanga. Joto lake sitalisahau. Alinuka bizari na moshi. "Tulia, shoga," aliniambia sikioni, bila kelele. Kumbe anajua kunong'ona. "Nimekushika."

Walininywesha chai ya sukari kidogo kidogo. Macho yalikuwa yanataka kufumba. Munira akapiga magoti mbele yangu: "Mama, nitajie watoto wa darasa lako." Nikaanza. Nikikwama ananiuliza, anayekaa karibu na dirisha ni nani? Anayechelewa kila siku? Niliita mahudhurio ya darasa la tatu juu ya mlima wa Uluguru, kwenye mvua, mara mbili.

Shomari alikata miti miwili, wao wakafunga khanga. Ndiyo ile machela waliyonilazia sebuleni nikicheka. Walinibeba kwa zamu. Gladness alitangulia akipima njia, na kila mara sauti yake: "Simameni. Pumzikeni. Badilishaneni. Taratibu." Mtu alipotaka kuharakisha kwa sababu giza litaingia, alimwambia, "Tukiangusha mmoja mwingine ndiyo tutalala hapa." Nilikuwa naona mgongo wake tu. Nikaona pia, kwa nafasi niliyokuwa nayo nikitazama juu na sina la kufanya, kwamba watu wote wale walikuwa wanaukodolea macho mgongo ule na kufanya unachosema.

Tulifika Morning Side mchana ukiwa bado upo. Shomari alikuwa ameshapiga simu, gari la mtu wa kijijini likatushusha. Daktari anasema mfupa haukuvunjika, kimeteguka vibaya. Presha walipoipima waliitana waje waione.

Jumanne, 19 Mei

Jambo moja sikuliandika jana. Jumamosi ile, nilipokwisha kulazwa, Gladness alitoka nje ya wodi. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia analia, kile kilio cha kuziba mdomo kwa mkono. Chausiku alikuwa naye. Gladness akasema, "Nilijua. Niliona kila kitu, nikajua, na bado nikamsikiliza kama mtoto."

Alhamisi, 21 Mei. Nyumbani

Gladness amempigia mjomba wake. Amesema atakwenda kuanza tarehe moja. Aliongea akiwa jikoni, kwa heshima zote, kisha akaja kunibadilishia bandeji.

Nimeomba hili jambo tangu mwaka jana. Sahani ya usiku nimeirudisha imejaa.

Jumapili, 24 Mei

Albano alikuja na machungwa. Ana furaha. Akamwambia Gladness, "Afadhali umeona mwenyewe. Ule mchezo nusura umuue mama yako." Gladness alikuwa amesimama na sinia la chai. Alitazama chini. Mimi nilikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mto, nimechoka, na sikusema neno.

Amekusanya mabuti yake kwenye mfuko wa salfeti.

Jumatano, 27 Mei

Idd. Chausiku kaja na hotpoti la pilau, kakaa kitandani bila kukaribishwa. Nikamwambia kwamba Gladness ameacha kundi. Akasema anajua, wote wanajua, Munira analia dukani.

Nikasema labda ni mapenzi ya Mungu.

"Mungu umwache," Chausiku akasema. "Mama Glady, mie nakuheshimu, umenizidi umri. Lakini kule mlimani mtoto alisema turudi. Mie nilipiga kelele, sijitoi, na nimemwomba radhi. Ila kelele zangu asingezisikia, mbona kule Pugu tulilia wote na hakugeuka? Alikusikia wewe. Wewe ndiye uliyemshusha mbele zetu. Na juzi kaka yako anamwambia kaua mama, ukanyamaza."

"Nani kakwambia?"

"Si yeye. Umeniambia wewe mwenyewe kwa simu, na ulivyoniambia ulikuwa unangoja nikutetee." Akafunua hotpoti. "Sikutetei. Kula."

Nilikula. Nilikasirika mpaka jioni.

Alhamisi, 28 Mei

Nilimwita Gladness akae. Sikuwa nimejiandaa, nilikuwa nimechoka kujiandaa. Nikamwambia, "Uliposema turudi ulikuwa sahihi. Nilikupinga kwa sababu niliona aibu, watu wasikuone mwoga. Niliiogopa aibu yangu kuliko mlima."

Akachomoa uzi kwenye foronya.

"Mama, mimi sijaacha kwa sababu ya mlima," akasema. "Nimeacha kwa sababu nimejijua. Mtu yeyote akinipinga kule nasimama. Wewe ukinipinga narudi kuwa na miaka kumi. Sasa nitawaongozaje watu?"

"Kule chini kwenye mizizi hukuwa na miaka kumi."

"Kule hukuwa na nguvu ya kunikataza."

Nilipokea hilo. Lilikuwa kweli na liliuma. Nikasema, "Basi nifundishe kutokukukataza. Kazi ya mjomba wako uikubali au uikatae kwa akili yako. Usiende kule kwa ajili ya mguu wangu. Na Albano nitamwambia mimi ni nani aliyesema tuendelee."

Aliinuka, akaenda kuanua nguo, maana mvua ilikuwa inakuja.

Ijumaa, 29 Mei

Nimempigia Albano, nimemweleza yote. Amesema nimezeeka vibaya. Nimesema inawezekana.

Jumamosi, 30 Mei

Leo Gladness alikaa kando yangu akaweka simu sauti ya juu ili nisikie. "Shikamoo mjomba. Nashukuru sana kwa ulivyohangaika. Siji." Mjomba alisema mengi. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akasema tena nashukuru, na tena siji. Alikuwa anatazama mbele, ukutani.

Alipokata simu nikafungua mdomo kumpongeza. Akaniwahi.

"Na wewe, mama, kundi langu la zamani huendi nalo tena. Sitakuchukua."

Nikafikiri anatania.

"Daktari akikuruhusu, na mguu ukipona, utaanza na wapya. Mwanzo kabisa. Na siku nikikwambia kaa, unakaa."

Nilitaka kusema mimi ni mama yako. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza.

Ijumaa, 5 Juni

Shule zimefungwa. Sina madaftari. Nimelala mchana kutwa kama gunia.

Jumanne, 9 Juni

Hakuna mvua wiki nzima. Tumeshusha kochi.

Jumamosi, 13 Juni

Kundi la zamani wamekwenda Pugu bila mimi. Nilikaa barazani na simu mapajani. Nimejua sasa wanaobaki nyumbani wanasikiaje. Jioni Chausiku akapiga: wamefika juu, anga jeupe, ameiona Dar es Salaam yote mpaka baharini, ni kubwa na chafu na nzuri. Nilimwonea wivu kama msichana.

Jumanne, 16 Juni

Daktari ameruhusu mahali tambarare. Presha si mbaya.

Jumamosi, 20 Juni

Somo la wapya, uwanja wa shule hapa jirani. Wanawake wengi kuliko nilivyodhani. Habari za Uluguru zimetembea, na wamezitafsiri kinyume na Albano. Wanasema yule dada anajua kumrudisha mtu.

Nilikaa benchi la nyuma, fimbo kati ya magoti. Mgongo unauma, mguu unauma, na wiki mbili zijazo shule zinafunguliwa. Kando yangu alikaa mama mmoja anaitwa Demetria, karani wa mahakama, viatu vipya kabisa. Alikuwa anaogopa na anaficha kwa kuongea.

"Huyu msichana mdogo hivi ndiye atakayetupandisha?" akaninong'oneza. "Unamjua?"

"Namjua kidogo."

"Mkali?"

"Mkali. Akisema kaa, wewe kaa."

Demetria akacheka, nami nikacheka, na tukazidi kidogo. Mbele, Gladness akakatiza maneno yake. Alituangalia moja kwa moja, na wote wakageuka.

"Nyie wawili huko nyuma. Mnanisikia?"

Demetria akainamisha kichwa. Mimi nikaketi vizuri, nikaweka fimbo chini, mikono juu ya magoti.

"Tunakusikia, mwalimu," nikasema.

Gladness alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akainama, akaendelea kutuonesha kamba za viatu.